Ruzuku ya serikali ya Marekani ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake: mwongozo kamili kwa vikundi vya akina mama wanaozungumza Kiswahili

Mara nyingi huanza hivi. Akina mama kumi au kumi na wawili, wengi wao wametoka Kivu kwa njia ya Nyarugusu na kambi nyingine za wakimbizi, hukutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa au sebuleni kwa mmoja wao. Wanachangishana, wanapika, wanafundishana kusoma barua za shule za watoto. Siku moja mwenzao anaingia kitambaa kikiwa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Wote wanaelewa. Hakuna anayeuliza mbele za watu, lakini jioni mmoja anamwambia, "Mama, leo lala kwangu." Mwezi unaofuata anakuja mwingine.

Kikundi kama hicho tayari kinafanya kazi ambayo serikali ya Marekani imekuwa ikiigharamia kwa sheria tangu mwaka 1984. Hakilipwi kwa sababu hakuna aliyewaambia mlango uko wapi, au kwa sababu waliambiwa waanzie Washington, wakafungua fomu, wakakata tamaa ukurasa wa tatu. Ninachowaomba wenzangu ni kwamba msianzie Washington. Anzieni kwenye jimbo lenu, na shirika jirani likiwa upande wenu.

Pesa zinatoka wapi

Kuna mifereji mitatu mikubwa, na kila mmoja una tabia yake.

Wa kwanza ni Sheria ya Ukatili dhidi ya Wanawake, inayojulikana kwa herufi VAWA. Rais Bill Clinton aliitia saini Septemba 1994, na imehuishwa mwaka 2000, 2005, 2013 na 2022. Pesa zake nyingi husimamiwa na ofisi maalumu ndani ya Wizara ya Sheria, OVW, iliyoanzishwa mwaka 1995. Baadhi ya ruzuku zake huombwa na mashirika moja kwa moja kwa ushindani. Nyingine hugawiwa majimbo kwa kanuni, na kubwa kati ya hizo inaitwa STOP: herufi nne zinazosimama kwa huduma, mafunzo, maofisa na waendesha mashtaka.

Wa pili ni sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia ukatili wa kifamilia, FVPSA, iliyo chini ya Wizara ya Afya na Huduma za Jamii. Hii ndiyo nguzo ya nyumba salama, zile ambazo mwanamke hukimbilia usiku na watoto.

Wa tatu ni VOCA, sheria ya kuwasaidia wahanga wa uhalifu, nayo ya mwaka 1984. Mfuko wake haujazwi na kodi ya wananchi. Hujazwa hasa na faini wanazotozwa waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho. Kwa hiyo hupanda na kushuka, na shirika linaloutegemea peke yake hujikuta pabaya mwaka ambao faini zimepungua.

STOP inastahili kueleweka kwa undani, maana humo ndani kuna fungu linalohusu watu kama sisi. Kila jimbo hupata dola 600,000 za msingi, kisha nyongeza kulingana na idadi ya watu. Jimbo likishatoa gharama zake za utawala, sheria inalitaka ligawe hivi: asilimia 25 kwa polisi, asilimia 25 kwa waendesha mashtaka, asilimia 5 kwa mahakama, asilimia 30 kwa huduma za wahanga, na asilimia 15 kwa hiari ya jimbo. Katika hiyo asilimia 30, angalau sehemu moja ya kumi lazima iende kwa mashirika ya kijamii yanayohudumia jamii mahususi kwa utamaduni na lugha yake. Jimbo lenye dola milioni 3 za kugawa lina 900,000 za huduma, na ndani yake si chini ya 90,000 za fungu hilo. Si mlima wa pesa, lakini ni fungu ambalo msimamizi wa jimbo lazima alitafutie watu wa kulipokea. Mkimpigia simu mnamsaidia kutimiza sheria. Kaeni na wazo hilo moyoni mnapobonyeza namba.

Karatasi za kikundi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ni kazi ya uvumilivu tu.

Andikisheni shirika lisilo la faida kwenye jimbo lenu, lenye bodi na katiba. Chukueni namba ya kodi, EIN, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ni bure. Ombeni hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato. Kikundi kinachotarajia kuingiza si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na chenye mali isiyozidi dola 250,000, kwa kawaida kinaweza kutumia fomu fupi, 1023-EZ, kwa ada ya dola 275. Fomu ndefu, 1023, ni dola 600. Baada ya hapo, kila mwaka mtume taarifa kwa IRS. Kikundi kidogo hutuma ile fupi iitwayo 990-N, inayojazwa mtandaoni kwa dakika chache. Ukipita miaka mitatu mfululizo bila kuituma, hadhi hufutwa yenyewe. Nimeona vikundi vizuri vikipoteza hadhi hivyo, kwa sababu katibu alihamia jimbo jingine na hakuna aliyejua kwamba kazi ile ilikuwa mikononi mwake.

Kisha mwende SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili wanaoomba ruzuku, mpate namba ya herufi na tarakimu kumi na mbili iitwayo UEI. Mkiomba kupitia jimbo, kwa kawaida namba pekee inatosha. Baadhi ya majimbo hudai usajili kamili. Mkiomba Washington moja kwa moja, usajili kamili ni lazima, huweza kuchukua wiki kadhaa, na lazima uhuishwe kila mwaka. Vyote ni bure. Mkipata barua pepe inayodai dola mia tano "kukamilisha usajili wenu wa serikali", hiyo ni kampuni inayotafuta wateja, si serikali.

Kama karatasi hizi bado ni mzigo, kuna njia nyingine: kaeni chini ya mwavuli wa shirika lenye hadhi tayari. Wao wanapokea pesa na kutunza hesabu, ninyi mnafanya kazi. Andikianeni mkataba unaotaja nani anaajiri, nani anaamua, na wao wanabakiza asilimia ngapi. Udugu wa kanisani hautoshi hapa.

Mwenza kwanza, pesa baadaye

Vikundi vingi huogopa kwamba havina utaalamu wa ukatili majumbani, hivyo havistahili. Sheria yenyewe imeliona hilo. Inavihesabu pia vikundi vya kijamii ambavyo utaalamu wao juu ya ukatili wameupata, au wanauonyesha, kwa kushirikiana na wenye ujuzi. Kwa maneno mengine, ninyi mna lugha na imani ya watu; nyumba salama ya mji wenu ina watetezi waliofunzwa, yaani watu wa kusimama na mhanga na kumsindikiza kwenye huduma, wanasheria na vitanda. Kila mmoja ana pengo la mwenzake.

Tafuteni muungano wa jimbo wa mashirika ya kupambana na ukatili majumbani. Upo katika kila jimbo, Washington DC na maeneo matano ya ng'ambo, jumla 56. Waombeni wawakutanishe na shirika linalohudumia kaunti yenu. Ombeni pia nafasi kwenye mafunzo yao ya watetezi, kwani mama wawili wenye cheti cha mafunzo hayo watayapa maombi yenu uzito kuliko kurasa kumi za maneno.

Mkikubaliana, andikeni hati ya maelewano. Itaje vitu vya kushikika: nyumba salama itapokea wahanga mnaowaleta usiku na mchana, kikundi kitatoa mtetezi anayezungumza Kiswahili kwa saa kadhaa kwa wiki, na kikundi kitalipwa kwa saa hizo. Sentensi hiyo ya mwisho msione haya kuidai. Mama zetu wameitwa mara nyingi saa tisa usiku kutafsiri bure kwenye simu za mashirika yenye mishahara. Kazi hiyo ina bei, na ruzuku hizi zinaruhusu ilipwe.

Gongeni mlango wa jimbo

Kila jimbo lina ofisi moja inayosimamia STOP. Mahali pengine iko chini ya gavana, pengine chini ya mwanasheria mkuu, pengine ni ofisi ya usalama wa umma. Tovuti ya OVW ina orodha yao. Pigeni simu na kuuliza mambo manne: dirisha la maombi hufunguliwa lini, fungu la jamii mahususi hutangazwa peke yake au pamoja na mengine, malipo hutolewa kabla au baada ya kutumia, na mpango wa jimbo unaandikwa upya lini.

Swali la nne watu hulisahau. Jimbo haliwezi kupokea STOP bila mpango wa utekelezaji, na sheria inalitaka liwasikilize wawakilishi wa jamii mahususi linapouandaa. Ombeni muwemo kwenye kikao hicho. Mkienda, waambieni kwamba msaada wa Kiingereza na Kihispania haumfikii mama anayejua Kiswahili na Kibembe tu. Kilichoandikwa kwenye mpango ndicho kitakachotafutiwa pesa baadaye.

Kuhusu mchango wenu, yaani sehemu ya gharama mnayojazia wenyewe: STOP hudai asilimia 25, lakini mashirika yanayotoa huduma kwa wahanga yamesamehewa. VOCA hudai asilimia 20 ya gharama za mradi, na saa za kujitolea huhesabiwa; jimbo linaweza pia kusamehe. Anzeni leo daftari la saa za kujitolea, lenye tarehe, jina la mama aliyejitolea na kazi aliyofanya. Jina la aliyesaidiwa lisiingie kamwe.

Kuandika maombi, na suala la wazee

Maombi hujibu maswali machache: tatizo ni nini, mtafanya nini, nani atafanya, mtajuaje kwamba imefanyika. Andikeni kwa sentensi fupi. Kwa tatizo, tumieni mambo yenu: idadi ya familia mnazozifikia, lugha zao, ni mara ngapi mwaka uliopita mliitwa hospitalini au kituo cha polisi kutafsiri, umbali hadi nyumba salama ya karibu. Kama wilaya ya shule inatoa idadi ya wanafunzi wanaozungumza Kiswahili nyumbani, iombeni. Msikopi takwimu za taifa zima mkajaza ukurasa. Msomaji wa maombi ameshazisoma mara mia.

Pale wengi wetu tunapokwama ni kwenye "mtafanya nini". Kwetu ugomvi wa ndoa hupelekwa kwa wazee, kwa mshenga, kwa mchungaji au shehe. Kwa hiyo kikundi huandika kwa nia njema: tutawakalisha mume na mke mbele ya wazee, wapatane. Maombi hayo yataanguka. OVW ina orodha ya mambo yanayohatarisha usalama wa mhanga, na usuluhishi wa kumkutanisha na anayempiga, pamoja na ushauri wa wanandoa wakiwa pamoja, yamo. Yamo pia kumlazimisha mhanga aripoti polisi, aachane na mume, au ahudhurie semina ndiyo asaidiwe.

Wako watakaosema hii ni dharau kwa mila. Mimi sioni hivyo. Tunajua wenyewe kinachotokea kwenye kikao. Mama anaulizwa mbele ya mumewe, "Sema, mwanangu, shida ni nini?" Anatazama chini, anasema ni maneno tu ya nyumbani. Akithubutu kusema kweli, wazee watamwambia avumilie, ndoa ni kuvumilia, na usiku huohuo atalipia kila neno alilolitamka. Kikao kinafaa kwa watu wawili wenye nguvu sawa waliokosana. Hakimfai anayeogopa.

Lakini wazee wana kazi, na kazi hiyo inaweza kuandikwa vizuri. Wafundishwe dalili za hatari: kunyongwa shingo, vitisho vya kuua, silaha ndani ya nyumba, mwanamke anayejaribu kuondoka. Mama akija kwao, wamsikilize peke yake, wampe namba ya mtetezi, wasimrudishe. Waseme kanisani na msikitini kwamba huduma ipo na ni bure. Iiteni kwa jina lake kwenye maombi: kuwafikishia watu habari za huduma kupitia viongozi wanaoaminika. Pesa za STOP kimsingi ni za huduma na za jinsi vyombo vinavyoitikia, kwa hiyo semina za jumla kuhusu ndoa njema zitafutieni mfuko mwingine.

Vitu vingine ambavyo ruzuku za OVW hazilipii: kushawishi wabunge, kuchangisha fedha, utafiti, ujenzi na ununuzi wa majengo.

Siri

VAWA inakataza kutoa taarifa yoyote inayomtambulisha mhanga bila ridhaa yake ya maandishi, aliyoitoa akielewa, kwa jambo mahususi na kwa muda wenye mwisho. Hamwezi kuifanya ridhaa hiyo kuwa sharti la kumsaidia. Kwa mtoto, mzazi anayetuhumiwa kumpiga mama yake hawezi kutia saini.

Kwenye jamii yetu sharti hili ni gumu kuliko linavyosomeka. Mji mzima una familia themanini, na kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu. Ukiandika kwenye ripoti "mama mmoja Mrundi mwenye watoto saba", hujataja jina, lakini umemtaja. Andika "mteja mmoja". Ukipiga picha ya kikao cha akina mama ukaiweka kwenye WhatsApp ya kikundi, mume wa mmoja wao ataiona kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo kwenye mpango wenu andikeni haya: kabati lenye ufunguo, simu ya kazi ambayo si ya mtu binafsi, kikao cha faragha kisicho kwenye jengo la kanisa, na kanuni kwamba mtetezi asiye huru kumhudumia mtu, kwa kuwa ni shemeji au jirani, anampisha mwingine.

Na ukalimani. Mtoto asitumike kutafsiri maumivu ya mama yake, hata mara moja. Mwacheni mhanga achague kati ya mkalimani wa hapa mjini na wa kwenye simu aliyeko jimbo jingine. Wengi huchagua sauti ya mbali isiyomjua mtu, na tusiudhike. Usiku, mtetezi asipopatikana, namba ya taifa ya ukatili majumbani ni 1-800-799-7233. Ipo saa 24, na mama anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Bajeti ya mfano

Kikundi kidogo kinaweza kuanza na mtetezi mmoja wa nusu siku. Saa 20 kwa wiki kwa dola 22, wiki 52, ni dola 22,880. Ongezeni mchango wa mwajiri wa Social Security na Medicare, asilimia 7.65, ni 1,750. Ukalimani wa simu saa 100 kwa dola moja kwa dakika ni 6,000. Safari za gari maili 4,000 kwa senti 70, kiwango cha IRS cha mwaka 2025, ni 2,800. Simu na intaneti, dola 80 kwa mwezi, ni 960. Jumla 34,390. Bei za mtaani kwenu zitakuwa tofauti. Muhimu ni kila mstari uonyeshe hesabu yake.

Juu ya hapo kuna gharama za uendeshaji: kodi ya chumba, mhasibu, bima. Kikundi kisicho na kiwango cha gharama hizo kilichokubaliwa na serikali kinaweza kutoza asilimia 15 bila kuithibitisha mstari kwa mstari. Zamani ilikuwa 10, ikapandishwa Oktoba 2024. Kwa mfano wetu ni karibu dola 5,159, jumla kuu 39,549. Msiiache ili muonekane wa bei nafuu. Anayeiacha huilipa kutoka mfukoni mwa akina mama.

Jambo moja huua vikundi vidogo: majimbo mengi hurejesha pesa baada ya kutumika. Mtalipa mshahara wa Januari na Februari, mtatuma madai, na hundi huenda ikafika Aprili. Kabla ya kutia saini, muwe na akiba ya miezi mitatu, au mwenza atakayewalipia mtetezi kwa muda, au mwombe jimbo malipo ya awali kwa maandishi.

Mkiwa tayari kwa Washington

Baada ya mwaka mmoja au miwili ya ruzuku ya jimbo, mtakuwa na ripoti na hesabu za kuonyesha. Hapo angalieni matangazo ya OVW, hasa programu ya huduma kwa jamii mahususi kwa utamaduni, ya jamii zisizofikiwa, na ya vijijini. Maombi huingia kwa hatua mbili: kwanza fomu SF-424 kwenye Grants.gov, kisha maelezo, bajeti na hati ya maelewano kwenye JustGrants, mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Sheria. Kila hatua ina tarehe yake ya mwisho. Tumeni siku mbili kabla. Na nywila zisikae kwa mtu mmoja. Akiugua wiki hiyo, mwaka mzima umepotea.

Masharti hubadilika na serikali. Februari 2025 OVW iliondoa matangazo yake. Yaliporudi yalikuwa na masharti mapya, na miungano ya mashirika ya majimbo ikaenda mahakamani kuyapinga. Someni tangazo la mwaka huo, si la mwaka jana, na mwonyesheni mwanasheria kila tamko mnalotakiwa kulithibitisha kabla mwenyekiti hajaweka saini, kwa sababu tamko la uongo kwa serikali kuu lina adhabu.

Hundi ikishafika

Mtetezi ajaze karatasi ya saa kila siku kwa saa alizofanya kweli. Risiti zitunzwe angalau miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho. Hesabu za ruzuku zitengwe na michango ya rambirambi na harusi, hata kama mweka hazina ni yuleyule.

Wanaopata STOP kupitia jimbo huripoti kila mwaka. Wanaopata kutoka OVW moja kwa moja, kila miezi sita. Ripoti ni hesabu za jumla: mmehudumia wangapi, wangapi mlishindwa kuwahudumia na kwa nini. Safu hiyo ya walioshindikana vikundi huijaza sifuri kwa aibu. Ijazeni kweli. Mama aliyekuja usiku nyumba salama ikiwa imejaa, aliyekosa mkalimani mahakamani, aliyerudi kwa mumewe kwa kukosa kodi ya mwezi wa kwanza: kila mmoja ahesabiwe, kwa kuwa ripoti hizi hujumlishwa na kupelekwa kwa Bunge la Marekani, na jimbo huzitazama linapogawa tena.